Katazo la Sigara Mahali pa Kazi: Ngao kwa Asiyevuta, Msaada kwa Anayevuta

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka ifikapo Mei 31, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Katika maadhimisho hayo husemwa mengi kuhusu mvutaji na afya yake, lakini huzungumzwa kwa uchache kuhusu mahali ambapo mvutaji huyo hutumia sehemu kubwa ya siku yake, yaani kazini. Kwa mwajiriwa wa kawaida, ofisi, kiwanda, karakana, hoteli au gari la abiria ndiyo sehemu anayokaa kwa saa nyingi zaidi akiwa macho. Kwa sababu hiyo, kanuni inayosimamia uvutaji katika sehemu hizo ina uzito kuliko suala la usafi wa mazingira peke yake, kwa kuwa inagusa tabia ya uvutaji wenyewe.

Swali linaloulizwa mara kwa mara na viongozi wa taasisi, maafisa rasilimali watu na watumishi wenyewe ni hili: mtumishi anapokatazwa kuvuta sigara kazini, je, huacha, hupunguza, au huzihamishia sigara zake mahali pengine? Ushahidi uliokusanywa katika nchi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30 unatoa jibu lenye manufaa kwa Tanzania, mradi lisomwe kwa ukamilifu wake.

Hali ilivyo nchini

Utafiti wa kimataifa kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima, uliofanyika nchini mwaka 2018, ulionesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea walikuwa wakitumia tumbaku. Miongoni mwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 14.6, na miongoni mwa wanawake asilimia 3.2. Viwango hivyo ni vya chini vikilinganishwa na vya nchi nyingi duniani. Hata hivyo, utafiti huohuo ulibaini kuwa takriban theluthi moja ya watu wanaofanya kazi ndani ya majengo walikuwa wamefikiwa na moshi wa tumbaku katika sehemu zao za kazi. Takwimu hizo zikisomwa kwa pamoja, inajitokeza picha moja iliyo wazi: wanaovuta ni wachache, lakini moshi wao unawafikia wengi.

Kwa upande wa sheria, Tanzania si nchi iliyochelewa kuchukua hatua. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ilitungwa mwaka 2003, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayomtaka mwajiri kuhakikisha kuwa mazingira ya kazi hayahatarishi afya ya wafanyakazi wake. Mwaka 2007, Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005. Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuwalinda watu dhidi ya moshi wa tumbaku katika sehemu za kazi za ndani, vyombo vya usafiri wa umma na maeneo mengine ya umma.

Sheria ya mwaka 2003, hata hivyo, inaruhusu kuwapo kwa maeneo maalumu yaliyotengwa kwa ajili ya wavutaji. Kenya nayo, kupitia sheria yake ya mwaka 2007, ilikataza uvutaji katika sehemu za kazi na za umma lakini ikaacha nafasi ya maeneo kama hayo. Uganda ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2015 ilikataza kabisa uvutaji ndani ya sehemu zote za kazi na za umma, na ikaongeza sharti la mvutaji kukaa umbali wa mita 50 kutoka maeneo hayo. Tofauti hii kati ya katazo kamili na katazo lenye chumba cha wavutaji inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa kama tabia ya mtumishi itabadilika au itabaki ilivyokuwa.

Katazo lilianza kwa ajili ya asiyevuta

Ni vyema kukumbuka kuwa makatazo haya hayakuanzishwa kwa lengo la kumwachisha mtu sigara. Yalianza kama ulinzi wa mfanyakazi asiyevuta. Moshi wa tumbaku una zaidi ya kemikali 7,000, na takriban 70 kati yake zinafahamika kusababisha saratani. Ripoti ya mwaka 2006 ya Mganga Mkuu wa Marekani ilihitimisha kuwa hakuna kiwango cha moshi huo kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama, na kwamba kutenganisha wavutaji na wasiovuta, kusafisha hewa au kuongeza feni na madirisha hakuwezi kuuondoa moshi huo kabisa ndani ya jengo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na zaidi ya milioni 1 kati yao ni watu wasiovuta ambao walivuta moshi wa wengine.

Ireland ndiyo nchi ya kwanza duniani kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, zikiwamo baa, kuanzia Machi 29, 2004. Waziri wa Afya wa wakati huo, Micheál Martin, aliisimamia hatua hiyo kama suala la haki ya mfanyakazi, licha ya upinzani mkubwa wa wenye baa. Watafiti walipima mate ya wahudumu wa baa wasiovuta, kabla na baada ya katazo, kutafuta kotinini, kemikali inayobaki mwilini baada ya mtu kuvuta moshi wenye nikotini. Kiwango cha kemikali hiyo kilishuka kwa asilimia 80. Wahudumu hao hawakubadili kazi wala makazi. Kilichobadilika ni hewa waliyokuwa wakiivuta wakiwa kazini.

Kinachotokea kwa mvutaji

Ilipokuwa ulinzi wa asiyevuta unaendelea kupimwa, jambo la pili lilijitokeza: wavutaji wenyewe nao walianza kubadilika. Mwaka 2002, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizofanyika Marekani, Kanada, Australia na Ujerumani katika sehemu za kazi zilizokataza sigara kabisa. Uchambuzi huo ulionesha kuwa idadi ya wavutaji ilipungua kwa karibu watu 4 katika kila wafanyakazi 100. Wale walioendelea kuvuta walipunguza wastani wa sigara 3 kwa siku. Pale ambapo uvutaji uliruhusiwa katika baadhi ya maeneo ya jengo, mabadiliko yalikuwa madogo zaidi.

Hoja moja ya msingi iliibuliwa dhidi ya matokeo ya aina hiyo. Huenda, walisema baadhi ya wachumi, si katazo linalopunguza uvutaji. Huenda wavutaji wenyewe wanakimbia sehemu zenye katazo na kutafuta ajira kwingine, hivyo takwimu zinapima uhamaji wa watu badala ya mabadiliko ya tabia. William Evans, Matthew Farrelly na Edward Montgomery waliichunguza hoja hiyo kwa takwimu za wafanyakazi wa Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Walibaini kuwa makatazo yalipunguza idadi ya wavutaji kwa watu 5 katika kila 100, na kiasi cha sigara kwa wale walioendelea kuvuta kwa asilimia 10. Jambo lenye kushawishi zaidi ni kwamba athari ilikuwa kubwa kwa wafanyakazi wenye saa nyingi za kazi kwa wiki. Kadiri mtu alivyokaa kwa muda mrefu chini ya katazo, ndivyo tabia yake ilivyobadilika zaidi.

Sababu za mabadiliko hayo zinaeleweka. Nikotini haikai muda mrefu mwilini; ndani ya takriban saa 2, kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu, na mwili huanza kudai nyingine. Mvutaji aliyezoea kuwasha sigara mezani hulijibu dai hilo bila hata kufikiri. Simu ikiita anawasha. Chai ikiletwa anawasha. Jalada gumu likiwekwa mbele yake anawasha. Wahenga walisema tabia ni ngozi, na sigara hujishikiza kwenye tabia nyingine ndogondogo hadi ikawa vigumu kuzitenganisha. Katazo kamili hukata uhusiano huo. Likiwapo, kila sigara inahitaji uamuzi: kuinuka, kutoka nje ya jengo, kusimama juani au mvuani, kisha kurudi. Si kila sigara hustahili safari hiyo, na zile zisizostahili ndizo hupungua kwanza.

Hesabu rahisi inatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Mtumishi anayepunguza sigara 3 kila siku ya kazi, kwa siku 5 za wiki, hupunguza sigara 15 kwa wiki. Katika wiki 48 za kazi kwa mwaka, hizo ni sigara 720, sawa na pakiti 36 za sigara 20. Fedha za pakiti hizo hubaki nyumbani kwake.

Chumba cha wavutaji

Kwa kuzingatia maelezo hayo, ni rahisi kuona kwa nini chumba cha wavutaji hudhoofisha katazo. Chumba hicho huirudisha sigara karibu na meza. Aidha, hukifanya kitendo cha kuvuta kuwa mkutano wa watu: ndimo habari za ofisi hupatikana, ndimo mtumishi mpya hufahamiana na wakubwa, na aliyekuwa amepunguza hujikuta akishawishika kurudi. Miongozo ya utekelezaji wa Ibara ya 8, iliyopitishwa na nchi wanachama wa mkataba mwaka 2007, inaeleza bayana kuwa maeneo yaliyotengwa ndani ya majengo na mitambo ya kusafisha hewa haitoi ulinzi unaokusudiwa.

Yupo pia mtu mwingine ambaye mara nyingi husahaulika pindi chumba hicho kinapopangwa, naye ni mhudumu wa usafi. Kila chumba cha wavutaji kina mtu anayeingia kumwaga majivu, kuokota vipisi na kufuta meza. Kwake yeye, chumba hicho ni sehemu ya kazi kama ofisi nyingine yoyote, na hana hiari ya kukikwepa.

Mipaka ya katazo

Uchambuzi wa haki hauna budi kueleza pia yale ambayo katazo haliwezi kuyafanya peke yake. Mapitio makubwa ya tafiti 77 kutoka nchi 21, yaliyochapishwa mwaka 2016 na mtandao wa kitaalamu wa Cochrane, yalithibitisha kuwa sheria za kukataza uvutaji zinaboresha afya, hasa kwa kupunguza magonjwa ya moyo. Kuhusu kupungua kwa idadi ya wavutaji katika nchi nzima, hata hivyo, mapitio hayo yalikuta matokeo yasiyolingana: baadhi ya nchi zilionesha mabadiliko ya wazi, nyingine hazikuonesha tofauti na mwenendo uliokuwapo kabla ya sheria. Katazo linafungua mlango wa kuacha, lakini halimsukumi kila mtu kupita.

Vilevile, kupunguza si sawa na kuacha. Mvutaji aliyepunguza idadi anaweza kuvuta kwa nguvu na kwa kina zaidi ili kufidia nikotini aliyoikosa. Isitoshe, uchambuzi uliochapishwa na BMJ mwaka 2018 ulibaini kuwa mtu anayevuta sigara 1 kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba anayevuta sigara 20. Sigara chache zinazobaki bado zinaua. Thamani ya kupunguza ipo katika kumkaribisha mvutaji kwenye siku ya kuacha kabisa.

Wapo wanaohofu kuwa moshi unaokatazwa ofisini utahamia nyumbani kwa watoto. Hofu hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini uzoefu wa Scotland unaipunguza. Nchi hiyo ilipokataza uvutaji katika maeneo ya umma ya ndani Machi 2006, watafiti walipima kotinini kwa wanafunzi wa shule za msingi kabla na baada ya katazo. Wastani wake ulishuka kwa asilimia 39. Inaonekana kwamba mtu aliyezoea kutoka nje ili avute akiwa kazini, huanza kuona ni jambo la kawaida kutoka nje akiwa nyumbani pia.

Wavutaji wenyewe pia hubadili mtazamo. Nchini Ireland, kabla ya sheria, asilimia 43 ya wavutaji waliunga mkono katazo kamili kazini. Baada ya sheria, idadi hiyo ilipanda hadi asilimia 67. Miongoni mwa walioacha katika kipindi hicho, asilimia 80 walisema sheria iliwasaidia.

Heshima, cheo na ukimya

Lipo jambo moja katika mazingira yetu ambalo takwimu za nje haziwezi kulieleza. Katika jamii yetu, mdogo hamwambii mkubwa wake azime sigara. Katibu muhtasi, dereva au mhudumu wa ofisi anayeingia katika chumba chenye moshi wa mkuu wake atatoa shikamoo, ataweka jalada mezani na kutoka taratibu. Ukimya wake ni adabu aliyolelewa nayo, wala haumaanishi kuwa ameridhika. Vivyo hivyo kwa mhudumu wa baa mbele ya mteja, na kwa utingo mbele ya dereva wa lori.

Hapa ndipo umuhimu wa kanuni ya wazi unapoonekana. Pasipo kanuni, afya ya mtumishi wa chini inategemea ujasiri wake wa kusema, na ujasiri huo unaweza kumgharimu. Kanuni iliyoandikwa, ikabandikwa mlangoni na kuwahusu wote bila kujali cheo, humwondolea mdogo mzigo wa kumkabili mkubwa. Kibao ndicho kinachosema kwa niaba yake. Mkuu wa taasisi anayetoka nje ya jengo kama watumishi wengine anaifundisha ofisi nzima kwa vitendo, na yule anayefunga mlango na kuwasha humo ndani anaifuta kanuni hiyo hata kama amesaini waraka wake.

Ikumbukwe pia kuwa Watanzania wengi hawafanyi kazi katika ofisi zenye milango na vibao. Wapo katika gereji, saluni, baa, vibanda vya biashara na magari ya abiria. Katika maeneo hayo mwajiri ni mmoja, wafanyakazi ni wachache, na sigara moja moja huuzwa hatua chache kutoka walipo. Kundi hili lisipofikiwa, manufaa ya katazo yataishia kwa watumishi wa maofisini pekee.

Yanayowezekana kufanyika

Mafanikio ya katazo yanategemea mambo machache yanayoweza kutekelezwa bila bajeti kubwa. Kwanza ni kulifanya katazo kuwa kamili ndani ya majengo na magari ya taasisi, bila chumba cha wavutaji, na kuondoa visahani vya majivu ambavyo kuwapo kwake pekee ni mwaliko. Pili ni kutoa taarifa mapema, ili mtumishi anayevuta apate muda wa kujiandaa badala ya kushtukizwa.

Tatu, na pengine muhimu kuliko yote, ni kuambatanisha katazo na msaada. Dalili za kukosa nikotini, zile ambazo vijana mitaani huziita arosto, huanza ndani ya saa chache na kuwa kali zaidi katika siku za mwanzo, kisha hufifia kadiri wiki zinavyopita. Mtumishi anayepitia kipindi hicho anahitaji kuelezwa kuwa hasira, kukosa usingizi na kushindwa kutulia ni vya kupita. Ushauri mfupi wa mtaalamu wa afya una manufaa yaliyothibitishwa, na dawa zenye nikotini za kumsaidia mvutaji kuacha zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Mwongozo wa kudhibiti VVU, UKIMWI na Magonjwa Sugu Yasiyoambukizwa mahali pa kazi katika utumishi wa umma, uliotolewa mwaka 2014, tayari umezipa taasisi jukwaa la elimu ya aina hiyo.

Nne ni kuwatendea haki pande zote mbili kuhusu muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi kwa saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mvutaji anayo haki ya mapumziko hayo kama wengine, lakini asiyevuta hapaswi kubeba kazi za mwenzake anayetoka kila baada ya saa moja. Jambo hili likizungumzwa kwa uwazi katika vikao vya watumishi, huzuia manung'uniko.

Si sahihi kuliona katazo hili kama vita dhidi ya wakulima wa Tabora, Chunya na kwingineko wanaotegemea zao la tumbaku. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, na kanuni inayomtaka mtumishi avutie nje ya jengo haigusi shamba la mtu. Kinachoguswa ni hewa ambayo watu hulazimika kuivuta kwa saa 45 za kazi kila wiki ili wapate riziki.

Tanzania ina bahati ya kuwa na wavutaji wachache, na bahati hiyo ni rahisi kuilinda sasa kuliko kuitafuta baadaye. Sheria zipo, mkataba umeridhiwa, na ushahidi umekamilika vya kutosha kuonesha kuwa katazo kamili, likiambatana na msaada, hupunguza sigara kwa anayevuta na humpa hewa safi asiyevuta. Hatua inayobaki iko mikononi mwa kila mwajiri, mkuu wa taasisi na mmiliki wa biashara: kuamua kuwa kuanzia sasa, ndani ya jengo lake, hakuna meza, chumba wala cheo kilichoruhusiwa kuwasha sigara.